Amana za Bi Mwaja

Nkwenda, Kyerwa
20 Julai 2024

Mpendwa Shangazi Deodatha,

Shikamoo. Kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Hata Mungu nimekuwa nikimwambia kwa kuzungukazunguka. Naliandika haraka kabla sijaogopa.

Mama ana pesa zake kwa Bi Mwaja, mama yake Salwa, yule mwenye duka la sabuni na sukari hapo kwetu Ihanda. Nilikuwa darasa la tano nilipoona. Nilimsaidia Mama kubeba kapu la maharage mpaka dukani. Bi Mwaja akatumbukiza mkono ndani ya maharage hadi kwenye kiwiko, akatoa fundo la kitambaa, akalitia kifuani bila kulifungua. Hakuuliza kitu. Mama naye hakusema kitu. Wakaanza kuzungumza habari za mvua.

Kwa muda mrefu nilidhani mama yangu ni mwizi. Nilipokua kidogo nikaelewa. Kwetu kahawa ni ya Baba na maharage ni ya Mama, kila mtu anajua hivyo, lakini pesa ya maharage ikionekana tu inapata ndugu wengi. Baba si mtu mbaya, wewe ni dada yake, unamjua. Ila hawezi kumwambia mtu hapana. Mbuzi wa Mama aliuzwa kwa ajili ya harusi ya mtu ambaye hatukujua hata jina lake.

Sasa nisikilize, Shangazi. Salwa tunakaa naye dawati moja. Wiki hii amepata habari kwamba benki imezuia akaunti ya mama yake mpaka aeleze pesa zinatoka wapi. Watu wa Ihanda wanasema anavusha kahawa ya magendo kwenda Uganda, maana duka la sabuni haliwezi kuingiza pesa nyingi namna ile. Salwa akaniambia, "Aliyezuia ni shangazi yako wa benki." Mimi nikisemeshwa kwa ukali maneno hunikimbia, halafu yanarudi usiku nikiwa kitandani, yote kwa pamoja.

Nadhani pesa zile si za magendo. Nadhani ni za akina mama wengi walio kama Mama. Nakuomba umfungulie. Na nakuomba sana usimwambie Baba. Mama akijulikana, hatakuwa tena na mahali pa kuweka kitu kilicho chake mwenyewe.

Nakuandikia wewe kwa sababu ndiye mtu ninayetaka kufanana naye. Unakumbuka mwaka mpya, Mzee Rwegoshora alipokunywa pombe ya rubisi akakuuliza mbele ya watu wote, "Deodatha, hebu tuambie, hivi mwalimu mkuu ana pesa benki au ana tai tu?" Ukamtazama kwa upole ukasema, "Mjomba, umekula ndizi ya kutosha?" Watu wakacheka, yeye akaongezewa sahani, na mwalimu mkuu akabaki na heshima yake. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilijiambia, nikiwa mkubwa nataka kuweza hivyo.

Barua hii nampa Edgar, yule wa bodaboda anayetuletea mikate shuleni. Ameahidi kuifikisha mkononi mwako.

Mtoto wako,
Ainembabazi


Kayanga
29 Julai 2024

Mpendwa Ainembabazi,

Marahaba. Barua yako imefika, na nimeiweka mahali pazuri.

Kuhusu kazi yangu sina la kukuambia, si leo wala kesho. Huku upepo umeangusha migomba ya bibi yako ya upande wa bondeni. Tumekata nguzo, tumeegemeza ile iliyobaki. Bibi anasema mwaka huu mikungu ni mikubwa kuliko nguvu za migomba yenyewe. Paka amezaa tena, wote weusi.

Soma hesabu. Kiswahili unakipenda mno, hesabu zinaona wivu. Siku ya kutembelewa atakuja baba yako. Mimi nitakuwa kazini. Nakutumia sabuni na karanga.

Shangazi yako,
Deodatha


Bwenini
5 Agosti 2024

Ainembabazi,

Nakuandikia kwa sababu tukizungumza utalia, na ukilia nitakusamehe, na sitaki.

Kamusi yako iko juu ya kitanda chako. Jana Mama alikuja kunitembelea bila chapati, kwa hiyo ujue hali ni mbaya. Amenieleza walivyozungumza benki, yeye na shangazi yako.

"Bi Mwaja, hizi pesa ni za nani?"

"Za watu."

"Watu gani?"

"Walioniamini."

"Nipe majina nikusaidie."

"Deodatha, wewe ni wifi wa nusu ya Ihanda. Nikikupa majina asubuhi, jioni yatapikwa pamoja na ndizi."

"Bila majina siwezi kufungua."

"Na mimi nikishayataja siwezi kuishi hapa."

Basi. Mama akachukua mkoba wake akatoka. Sasa hana hata pesa ya kuleta katoni ya sabuni, na waliomwekea wanapita dukani wanamwangalia tu, hawasemi. Wale wasiomwekea ndio wanaosema. Mmoja alisimama barabarani akapiga kelele, "Bi Mwaja, lori lako la Uganda limekwama wapi?" Mama yangu ambaye anaogopa hata kupanda bodaboda!

Babu yetu aliyekuja huku kutoka Pangani alikuwa akisema mfanyabiashara akipoteza mali ataanza upya, lakini akipoteza amana ahame mji. Mama ameanza kuniuliza kama ningependa kuishi Pangani. Mimi sijawahi hata kufika Pangani.

Wewe kaa na ndugu zako wa benki.

Salwa

Nimekula nusu ya karanga zako. Hiyo haina maana yoyote.


Nkwenda, Kyerwa
10 Agosti 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta jibu, nikakuta migomba. Naomba unisamehe kwa ninayoandika. Nimejaribu kuyaandika kwa adabu na haya ndiyo yaliyobaki baada ya kufuta.

Nilikuambia kitu kikubwa kuliko vyote nilivyo navyo, nawe ukaniambia paka amezaa. Hata Matroni Anatolia alinishangaa. Aliponipa bahasha aliniuliza, "Eti migomba ya bibi yako imeanguka mingi?" Nikasema ndiyo. Akasema shangazi yako anaandika vizuri, ana mwandiko wa kisomi. Nikaona aibu kwamba watu wa nje wanakusifu na mimi moyoni nimekukasirikia.

Salwa amehama dawati. Anakaa mbele na mimi naangalia kisogo chake kutwa nzima. Anajua kitu kimoja tu, kwamba wewe ulimbana mama yake. Mimi najua cha pili, na siwezi kumwambia bila kumfichua Mama. Kama nikinyamaza, Bi Mwaja atahama. Kama nikisema, Mama atabaki mikono mitupu. Nimeangalia pande zote na sioni pa kupita.

Tena Baba alipokuja kunitembelea alikuwa na furaha, akaniletea ndizi mbivu, akasema, "Mama yako siku hizi yuko kimya. Nikimuuliza ana nini, ananiuliza mimi nina nini. Wewe unajua?" Shangazi, ndizi ikaniponyoka mkononi. Baba akacheka, akasema mtoto wa shule ameshasahau kushika ndizi. Je, umemwambia? Niambie tu ndiyo au hapana.

Nilitaka kufanana na wewe. Sasa sijui nafanana na nani.

Mtoto wako,
Ainembabazi


Kayanga
17 Agosti 2024

Mwanangu Ainembabazi,

Marahaba. Hapana, sikumwambia, na sitamwambia.

Barua hii imekuja na mikate. Ile yangu ya kwanza ilipita ofisini kwa matroni, kama zinavyopita barua zote mnazoandikiwa. Mwanangu, unaniambia Matroni alikuuliza habari za migomba, halafu kwenye karatasi hiyohiyo unaniuliza kwa nini nilikuandikia migomba! Nimecheka peke yangu mpaka bibi yako akaja kuchungulia. Zamani nilisoma shule ya namna hiyo. Najua bahasha zinafunguliwa kabla hazijafika. Ningekujibu ulichoniuliza, siri ya mama yako ingekuwa ya walimu wote kabla ya chakula cha mchana.

Sasa kaa vizuri usome.

Sitakuambia habari za Bi Mwaja. Sitakuambia hata kama ana akaunti au hana. Alichokuambia Salwa ni cha Salwa. Lakini kazi yangu kwa jumla naweza kukueleza, na hiyo si siri.

Mtu aliyeuza pembe za ndovu, au aliyeiba dawa za wagonjwa, anakuwa na pesa asizoweza kuzieleza. Akizitumia hivyohivyo atakamatwa. Kwa hiyo anatafuta mahali pa kuzipitisha ili zitoke na sura ya halali. Huko ndiko kutakatisha fedha. Na hatafuti jambazi mwenzake, anatafuta mtu mwema. Anatafuta duka dogo, mjane, mtu ambaye hakuna anayemshuku. Anamwambia, niwekee hizi kidogo. Siku mambo yakiharibika, yeye yuko mbali na mjane yuko polisi. Ndiyo maana nikiona akaunti inaingiza kuliko biashara yake, lazima niulize, hata kama mwenye akaunti aliwahi kunipa pipi nikiwa mtoto. Nikiwauliza tu watu nisiowapenda, hiyo haitakuwa kazi. Itakuwa chuki yenye mshahara.

Na nikiuliza, siruhusiwi kueleza yote ninayowaza. Kama ni mwizi, atakimbia. Kama si mwizi, nitakuwa nimemchafua bure mbele ya watu. Kwa hiyo nanyamaza na watu wananiona nina roho ngumu. Mwezi huu kuna wanawake wawili wamenipita njiani bila salamu. Nimezoea, lakini usidhani haiumi.

Nije kwa uliyoniandikia. Sikuyatumia. Ningeweza kumwita mtu nikamwambia, najua na wewe umo. Kazi ingekwisha siku hiyohiyo na meneja angenisifu. Lakini mwenye siri hakunipa mimi. Wewe ulinipa, nawe si mwenye siri hiyo. Hata hivyo, siwezi kujifanya sijasoma. Kichwa hakina kifutio. Mtu akishajua asichopaswa kujua, hafai tena kukaa kwenye kiti cha kuuliza maswali. Nimelifikiria hilo kwa muda, kisha nimefanya jambo moja kazini. Sitakuambia ni lipi. Meneja hakulipenda. Aliniambia, "Deodatha, unawaogopa ndugu zako." Nikamwambia siwaogopi, ila ni wengi.

Ndani ya bahasha hii utaikuta barua yako ya kwanza. Nakurudishia. Habari ya mtu haiwi yangu kwa sababu tu imefika mikononi mwangu.

Baba yako Gaudiosus ni kaka yangu, tumekula sahani moja tangu utotoni. Lakini kula naye sahani moja hakunilazimishi kumwambia kila ninachojua.

Mvumilie Salwa. Mama yake amemlea vizuri.

Shangazi yako,
Deodatha

Paka kweli wamezaliwa. Hilo sikudanganya.


Bwenini
1 Septemba 2024

Ainembabazi,

Kesho narudi dawatini kwetu. Yule mwenzangu wa mbele anakula ubuyu wakati wa fizikia na anatema mbegu kwenye kiatu changu.

Mama amekuja leo. Na chapati! Zako tano nimeziweka kwenye sanduku lako, zihesabu usije ukasema zimepungua. Hebu nikueleze, maana ukinitazama usoni sitaweza kusema hili la mwisho.

Siku moja shangazi yako alifika dukani. Mama alidhani amekuja kumbana tena. Shangazi yako akachukua mche wa sabuni, akasimama pembeni kama mteja yeyote mpaka watu wakaisha. Kisha akasema, "Bi Mwaja, ulisema kweli. Mimi ni wifi wa nusu ya Ihanda. Kwa hiyo nimejitoa."

Mama akamuuliza, "Umejitoa wapi?"

"Kwenye jambo lako. Nimeomba aletwe afisa mwingine kutoka Bukoba, anaitwa Liliane. Huku hana ndugu, hana hata kuku. Atakaa kwenye chumba chenye mlango. Kila mtu ataingia peke yake na kitambulisho chake, aeleze kilicho chake. Atakachosema hakitatoka kwenda kwa mume, wala kwa padri, wala kwa shehe. Sheria inakataza. Mimi siku hiyo sitakuwepo, na majina sitayaona."

"Utaapa?"

"Siapi. Kamuulize meneja kama hakunikaripia."

Mama anasema alimwambia, "Sabuni hii imepanda bei, lakini lipa ile ya zamani." Kwa Mama huko ndiko kuomba radhi.

Basi akina mama waliomwekea wakapanga siku ya kliniki. Nani anauliza mwanamke aliyebeba mtoto anakwenda wapi siku ya kliniki? Wakapima watoto kliniki ya Nyakahanga, wakarudi kwa kupitia benki pale Kayanga, mmoja leo, wawili wiki nyingine, wakaingia kwa Liliane mmoja mmoja. Mama anasema bibi mmoja ambaye uzazi ameusahau aliazima mtoto wa jirani. Nesi akamuuliza, "Bibi, huyu ni wa ngapi?" Akajibu, "Wewe pima tu, waitu, tafadhali, mengine niachie mimi."

Akaunti imefunguliwa. Liliane amemwambia Mama kwamba pesa za watu zisilale tena kwenye jina lake, ni hatari kwake na kwao. Atakayetaka afunguliwe akaunti yake mwenyewe. Mama alinuna, kwa sababu alipenda kuaminiwa. Lakini usingizi umemrudia, na habari za Pangani zimekwisha.

Sasa hili la mwisho. Nilisema aliyezuia ni shangazi yako, nikakusema wewe pamoja naye. Alizuia, kweli. Lakini shangazi yako angeweza kukaa kwenye kile chumba akamjua kila mwanamke wa Ihanda anaficha nini, na yeye mwenyewe akafunga mlango akiwa nje. Mimi nisingeweza. Mimi ningechungulia.

Mimi sikuulizi kama kuna mtu wenu aliyepeleka mtoto kliniki. Na wewe usiniambie.

Salwa


Ihanda
15 Septemba 2024

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Tuko likizo fupi. Barua hii Edgar hahusiki; nitaipitisha chini ya mlango wako mwenyewe, maana nikikutana nawe nitabaki nikiangalia viatu vyangu.

Sasa najua ulichofanya kazini. Sikuambiwa na wewe, na sitakuuliza kama ni kweli. Nilidhani ukimya ni kutokuwa na la kusema. Nilisoma migomba yako nikakuona umenifungia mlango, kumbe ulikuwa umeusimamia. Nimejaribu kutafuta kwenye kamusi neno la mtu anayekataa kujua kitu anachoweza kujua, ili mwenye kitu hicho abaki salama. Sijalipata. Kila nikilitafuta nakuona wewe umeshika mche wa sabuni dukani, unasubiri watu waishe.

Juzi usiku tulikuwa tunakula. Baba akasema kwa utani, lakini si utani wote, "Mama yenu amerudi kuimba. Kuna kitu hapa. Ainembabazi, wewe ndiye msomi wa nyumba, ni kitu gani?" Mama aliacha mkono kwenye sahani. Mimi maneno yalitaka kunikimbia kama kawaida. Nikayashika moja moja, nikasema, "Baba, umekula ndizi ya kutosha?"

Baba alinitazama. Akaangalia sahani yake. Akaanza kucheka mpaka akakohoa, akasema, "Huyu amekuwa Deodatha mtupu!" Mama akamwongezea ndizi. Akala. Hakuuliza tena.

Jana Mama alisema anakwenda Kayanga, na hakusema kufanya nini. Nilimbebea kapu la maharage. Ya kuuza tu, hayakuwa na kitu ndani. Nilijua kwa uzito wake. Tuliyauza sokoni, kisha tukatembea mpaka nje ya benki yenu. Mama akasimama, akajifunga kanga upya, akasema, "Ningoje hapa."

Nilikaa kwenye benchi la nje. Dirisha lilikuwa mbele yangu, na kioo chake kinaonyesha ndani vizuri. Nikasimama, nikaligeuza benchi, nikakaa nimeangalia barabara, nikafungua kitabu changu cha hesabu. Uliingia wakati huo, Shangazi. Ulinigusa bega ukapita. Nikasikia ukisema ndani, "Habari za nyumbani, wifi?" na Mama akajibu, "Nzuri, wifi, ndizi zinaendelea," kama watu waliokutana kisimani. Kisha nikasikia mlango mwingine ukifungwa, na viatu vyako vikienda upande mwingine.

Nilifanya hesabu mbili. Ya tatu ilinishinda. Mama akatoka. Sikumuuliza kitu. Nilichukua kapu tupu, tukatembea mpaka kwenye bodaboda, tukaanza kuzungumza habari za mvua.

Mtoto wako,
Ainembabazi